Kitinda Anaogopa Choo

Jumatatu, tarehe 4

Sijalala vizuri. Goti. Mgongo. Halafu sauti ukutani. Ukuta kati ya chumba changu na cha Kitinda niliujenga mwenyewe, mwembamba makusudi, ili nyumba ipumue. Maneno nayo yanapita.

Kitinda ni binti yangu wa mwisho. Mumewe yuko safarini na lori, tumbo limefika puani, ndiyo maana amekuja kujifungulia kwetu. Leo asubuhi kamwambia mama yake: uchungu siuogopi, mama. Mimi naogopa choo. Kasema hospitali haendi. Atajifungia chumbani azae peke yake.

Mama yake kalia. Kamkumbusha habari ya presha. Mkunga alishasema huyu asijaribu kuzalia nyumbani, anaweza kupotea yeye na mtoto. Kitinda kajibu afadhali apotee kuliko aibu ile.

Nikabaki kitandani na kiatu kimoja mguuni. Choo! Mtoto wangu afe kwa sababu ya choo? Mtoto wa nani? Wangu mimi! Vyoo vya mtaa huu vyote ni mkono wangu. Wakubwa kwa wadogo wanakalia kazi yangu kila siku, na hakuna anayesema ahsante.

Nilishastaafu. Nimechoka. Lakini itabidi nikakione hicho choo.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda hospitali. Kwa miguu, na goti hili hili. Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi kanisimamisha mlangoni. Mwanamke mpana, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikasema nimekuja kuona choo. Kanielekeza cha wanaume, nje, nyuma ya jiko. Nikamwambia mimi sina haja, nataka cha wazazi. Kanitazama kama mzee aliyetoka nyumbani bila suruali. Nikajitazama. Suruali ilikuwapo.

Nikajieleza. Nikamtajia kazi zangu, kuanzia za ujana. Kasema: mzee wangu, humu ndani nina watu wanapiga kelele wa kutosha, usiniongezee. Nikangoja aitwe ndani. Nikachungulia.

Kumbe! Cha kuchuchumaa! Mwanamke mwenye tumbo lile akishuka pale, nani atamwinua? Winchi? Mtoto wangu ana akili, karithi kwangu. Ameona hatari ambayo madaktari na miwani yao hawajaiona.

Stoo ninacho choo cha kukaa. Cheupe, kizito, hakijakaliwa na mtu tangu kizaliwe. Nilikuwa nakiwekea siku kubwa. Haya, siku yenyewe hii.

Nimerudi nimechoka mpaka kofia naiona nzito.

Jumatano, tarehe 6

Nimekitoa stoo, nimekiosha, nimekipakia kwenye toroli ili kukizungusha kwa njia ya barabarani mpaka uani kwetu. Njiani nani kanitokea? Mzazi mwenzangu, baba wa mume wa Kitinda. Namwita Karani kwa sababu alikuwa karani na hajaacha mpaka leo. Suruali ina mkunjo wa kukatia mkate. Kaniuliza: vipi mzazi mwenzangu, unahama chumba kimoja kimoja?

Wenye duka wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kalamu haijawahi kumsitiri mtu. Kasema mjukuu akizaliwa wa kiume atachukua jina lake, limeshakubaliwa. Limekubaliwa na nani? Na yeye! Tumelumbana mpaka tairi la toroli likaisha upepo.

Uani nikakiweka choo katikati, pakavu, penye jua. Nikamwita Kitinda. Nikamwambia mwanangu, hofu yako baba anaijua. Hiki hapa. Kaa, jaribu, usione haya, ni chako.

Sikuwa nimewaona majirani juu ya ukuta. Walikuwa wengi kidogo. Mmoja kauliza kama kiingilio ni bure.

Kitinda katazama choo. Kanitazama mimi. Kamgeukia mama yake na kusema, hata baba umemwambia? Kalia, kaingia ndani, kafunga mlango kwa komeo. Komeo nililoweka mimi. Haling'oki.

Mama watoto kasema kuna mambo hayatengenezwi kwa spana. Nikamwambia ataje moja. Hakutaja. Mnaona?

Alhamisi, tarehe 7

Kitinda hajatoka chumbani ila kwa shughuli fupi. Hanisemeshi.

Mama watoto kanikalisha jikoni. Kasema ana jambo la kunieleza, nisimkatize. Sikumkatiza, nilimsaidia tu maneno. Akaanza kuzunguka. Kwamba mwanamke akiwa anasukuma, mambo yako jirani, njia zimebanana. Kwamba mtoto hatoki hivi hivi, mara nyingi kuna mwenzake anatangulia. Kwamba ndicho Kitinda anachokiogopa, huyo wa kutangulia, mbele za watu. Akainama, akawa anakwangua sufuria iliyokuwa safi.

Mwenzake! Anatangulia! Nikasimama mpaka goti likalia. Pacha! Miezi yote hii, na mimi mwenye nyumba sijaambiwa!

Mama watoto kaniita, mzee, rudi ukae, sijamaliza. Ningekaaje? Nilikuwa nimeshafika kwa Karani. Nikamwambia asuluhike: wanakuja wawili, mmoja jina lake, mmoja langu. Karani kashika ukuta. Kisha kanikumbatia, jambo ambalo sikulipenda. Kasema anakwenda kutafuta blanketi mbili zinazofanana.

Nimerudi nimekuta mama watoto ameshika kichwa. Nikamwambia siri yake iko salama.

Ijumaa, tarehe 8

Siku ya kazi: nimekipeleka choo hospitali. Mkunga mkuu kaenda mkutanoni. Mfagiaji nikamwambia nimetumwa. Hakuuliza na nani. Sikusema uongo.

Kabla ya kutoka nyumbani niliona chupa dirishani kwa Kitinda. Nasoma polepole, lakini nikifika nimefika. Ku-la-i-ni-sha choo. Machozi yalinilenga! Kumbe mtoto kanisamehe, kanunua mwenyewe dawa ya kulainishia choo chake kipya, ila anaona haya kunipa mkononi. Nikajimiminia kidogo kwenye kopo, chupa nikairudisha. Ni mafuta mazito. Mpira wa bomba umeteleza kama samaki.

Choo cha zamani nimekivunja vizuri sana. Hapo sina mpinzani. Kipya kimegoma kukaa. Tundu lake liko huku, bomba liko kule, hawajawahi kuonana. Wajenzi wa siku hizi! Nimefunga maji. Nimeziba shimo kwa ubao.

Mkunga mkuu karudi kabla sijamaliza. Alichosema sikiandiki, mjukuu anaweza kujifunza kusoma. Kesho asubuhi pawe pamekamilika, la sivyo ataniziba mimi kwa ubao huo huo.

Spana naibeba kwa mikono miwili. Si woga. Ni uzee unajinyoosha.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nimelala ubavu. Hakuna namna nyingine.

Asubuhi nilikuta mezani glasi ya juisi ya chungwa, imefunikwa kisosi. Pembeni ile chupa, tupu. Nikajua ni yangu, fundi anakwenda kazini, nani mwingine? Nikanywa yote. Nzito kidogo. Chungwa la siku hizi.

Ndipo Kitinda katoka chumbani ameshika ukuta, maji yamemwagika, mambo yameanza. Kaiona glasi. Kapiga ukelele: nani kanywa? Mama yake kashangaa, kauliza aliweka nini. Kitinda kasema dawa, alitaka ajisafishe tumbo kwanza, bila hiyo hatoki humu. Mama yake kamgombeza, na presha yako hiyo, bila kumuuliza mkunga, ungejiua! Sikuelewa kelele yote hiyo kwa ajili ya juisi. Nikafuta mdomo. Maumivu yalimshika tena, hakuwa na nguvu ya kubisha, tukampakia kwenye gari la jirani huku analia hapana, hapana, hapana.

Wakamwingiza. Mimi nikabaki koridoni na Karani, kapiga pasi mpaka soksi, blanketi mbili kwapani. Mlango haukufungwa sawasawa, bawaba zake si kazi yangu. Mkunga anasema sukuma! Kitinda anajibana. Sukuma! Anajibana. Muda ukaenda. Mama watoto katoka, uso umemshuka. Kasema presha inapanda, mtoto anachoka, na huyu anaogopa kusukuma asije akaaibika. Karani kavua kofia.

Nikausogelea mlango. Nikaita kwa sauti yangu yote: mwanangu, usiogope choo, baba yako yupo!

Hapo hapo tumbo likanikata.

Cha wazazi kilikuwa na ubao. Cha wanaume kiko nje, nyuma ya jiko, na goti langu halikimbii. Sitaandika kilichotokea. Nitasema tu, kwa lugha ya kazi, kwamba presha ya ndani ilizidi nguvu ya koki. Mlio ulifika mapokezi. Karani kasogea. Kasogea tena. Kisha kaweka blanketi moja puani.

Ndani, mkunga kauliza ni nini kile kimepasuka. Mama watoto kasema, ni baba yake. Nikasikia sauti ya Kitinda, ndogo: baba? Hapo mlangoni? Mbele ya mkwe wangu? Mama yake kajibu: mbele yake, yote, tena kavaa suruali nyeupe.

Kitinda kacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu akiwa mdogo. Kacheka mpaka akashindwa kujibana, na mkunga naye kwikwi ya kicheko imemshika, kamwambia: kama baba yako kamaliza huko koridoni mbele ya mkwe, wewe unaona haya gani kitandani kwangu? Haya, sukuma! Akasukuma. Akacheka, akalia, akasukuma.

Mtoto kalia.

Nilikuwa nimesimama ukutani, mgongo umegusa ukuta kwa sababu za wazi. Nililia kidogo. Ni vumbi la koridoni.

Mkunga katoka na kifurushi. Wa kike, mzima, mama mzima, presha inashuka. Nikachungulia ndani. Nikauliza: na yule mwenzake? Kauliza mwenzake nani. Nikasema yule wa kutangulia. Mama watoto, kwa ndani, kajibu: alitangulia kweli, kashafutwa, katupwa.

Katupwa! Nikaanza kuteleza na ukuta. Karani kanidaka kwa mkono mmoja, mwingine uko puani. Nikapiga kelele, mmemtupa mjukuu wangu?

Mama watoto katoka mpaka mlangoni. Kasema kwa sauti ya kusikika mpaka duka la dawa: mavi, mzee! Mavi! Mtoto wako alikuwa anaogopa kujinyea wakati wa kuzaa!

Neno lenyewe. Mchana kweupe. Mbele ya mzazi mwenzangu.

Mkunga kasema huwatokea wengi mno, yeye hupangusa na kitambaa, kinaingia ndooni, na hajawahi kukutana na mtu sokoni akamkumbuka kwa hilo. Ila mimi, kasema, atanikumbuka.

Kwa hiyo choo si choo. Ni choo. Sasa nimeelewa. Lakini kosa si langu. Neno moja linabeba mizigo miwili, na nyumba nzima hakuna wa kufafanua. Na mtoto ni wa kike, majina yetu wote wawili yamekosa pa kukaa. Karani kakunja blanketi ile ya puani, kaniachia. Ilinifaa kwenda nayo nyumbani.

Jumanne, tarehe 12

Kitinda yuko nyumbani na mtoto. Kanisamehe kweli sasa, ila kila nikipita anauma ncha ya khanga asicheke. Kaniletea uji mwenyewe. Kasema, baba, bila wewe nisingeweza. Nilimwambia najua.

Choo cha wazazi nimekimaliza jana. Nimegeuza bomba, nimepiga vigae. Mkunga mkuu kavuta maji, kasikiliza, kanyamaza. Hiyo ni sifa. Mtaani wananiita jina jipya, siliandiki. Nimechoka. Kila kiungo kinadai likizo.

Lakini mtu mzima hujifunza. Nimeamua, na naandika ili isomeke: kuanzia leo sisikilizi ukuta. Na kabla ya kushika spana, nitauliza kwanza nini maana yake.

Baadaye, leo leo

Nilikuwa nimejilaza tu. Sikusikiliza, nilisikia. Kitinda kamwambia mama yake: limeziba, mama. La kushoto. Limekuwa gumu kama jiwe, halitoi hata tone, na mtoto analia. Mama yake kamjibu, tulikande na maji ya moto.

Maji ya moto! Kwenye bomba lililoziba! Watalipasua! Na la kushoto ndilo la bafuni, nililitandika mwenyewe.

Kuuliza? Niulize nini hapo? Kuziba ni kuziba, neno hili halina maana mbili. Naingia stoo kuchukua waya wa kuzibulia. Ule mrefu.