Sukari Ambayo Sikuiba

Jumatatu, 3 Machi
Bekari nyingine imenikataa. Mwenyewe alikula mkate wangu akausifu, kisha akampigia simu bosi wangu wa zamani. Alirudi na uso mwingine. Kumbe bosi anamwambia kila mtu kwamba alinifukuza kwa kuiba sukari. Mimi! Niliacha kazi mwenyewe, tuligombana kuhusu likizo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona wakili. Hiyo ni kashfa, anasema, na sheria inanilinda. Kwanza nipate mtu aliyeyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Kisha yeye atamwandikia bosi akanushe na aombe radhi. Akigoma, mahakamani. Na mimi nifunge mdomo. Hilo la mwisho amelirudia mno, sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Mwenye bekari ile hataki kuingia kwenye kesi, kwa hiyo nimemtuma shemeji, kaka wa mke wangu, ajifanye anafungua bekari na kumuuliza bosi habari zangu. Mpango safi kabisa. Amerudi ameyasikia yote. Shida ni kwamba ameyaamini. Ameniuliza kwa upole, kama anazungumza na mgonjwa, ile sukari nilimuuzia nani. Mke wangu alikuwa anapika, hakugeuka kunitetea. Nimeumia sana.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji amekubali kuwa shahidi, shingo upande. Barua ya wakili imemtikisa bosi. Jumatatu atakanusha mbele ya wafanyakazi wote. Mke wangu ameifua aproni yangu ya kazi na kuipiga pasi. Ameipiga pasi hadi kamba zake. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Nilipita kwa kinyozi. Watu walikuwa wengi, nikanogewa. Nikasema bosi anasaga mikate iliyoota ukungu na kuichanganya kwenye unga mpya. Si kweli, lakini walicheka sana.

Jumatatu, 10 Machi
Mdomo umeniponza. Bosi amesikia, amegoma kukanusha, na sasa naye ana wakili. Wangu ameshika kichwa. Imebaki njia moja, anasema: kesho niende kwa kinyozi niseme nilidanganya, ndipo bosi naye aniondolee tuhuma ya wizi. Mke wangu amenisihi huku machozi yanamtoka. Baba watoto, nenda tu, sema hayo maneno upate kazi tuishi. Nimemwahidi, na nitaenda. Ila nitamwahi kinyozi mapema, kabla watu hawajajaa, nimnong'oneze kwamba nikikana asiniamini, hayo ni mambo ya sheria tu.