Mguu Wangu wa Kulia na Wiketi ya Mwisho

Kwa Katibu Mkuu,
Chama cha Kriketi.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA BARUA YENYE MHURI KUHUSU MGUU WANGU WA KULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo wewe na ofisi yako nzima, na kwamba mmeanza kupoa baada ya kile kipigo cha mechi ya kwanza. Mimi sijapoa, kwa sababu nyumbani kwa wakwe zangu inasemekana kipigo kile nilikileta mimi.

Mimi ni fundi friji. Sijawahi kurusha mpira wala kushika gongo la kriketi. Siku ya tano ya mechi ile, siku ya mwisho, baba mkwe aliniita nikaitazame friji yake, iliyokuwa ikitetemeka kama mgonjwa wa homa. Friji yenyewe inakaa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa. Nikaichomoa kwenye umeme, nikajibanza kati ya kompresa na ukuta. Televisheni ilikuwa imewashwa.

Nilikuwa nafungua skrubu ya pili wiketi yetu ya tisa ilipoanguka; ya kumi ikianguka, kazi imekwisha. Tulihitaji bado mikimbio arobaini ili tushinde, na aliyeingia ni yule mrushaji wetu mrefu, ambaye hupewa gongo kwa sababu tu zamu yake imefika. Mpira wake wa kwanza akaupiga mpaka kwenye kamba ya ukingo wa uwanja: mikimbio minne! Hapo baba mkwe akanyoosha mkono na kutangaza sheria ya nyumba yake. Mikimbio ikianza kuja, kila mtu abaki palepale alipo, vilevile alivyo, mpaka mambo yaishe.

Basi nikabaki nyuma ya friji. Mama mkwe akabaki kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, huku nyuma yake sufuria inaungua. Mke wangu alikuwa ameinama kuokota kibanio cha nywele, akabaki ameinama. Na msoma mita wa maji, ambaye alikuja kusoma mita tu, akabaki mlangoni mguu mmoja ndani na mmoja nje. Hakuwa anamjua yeyote kati yetu, lakini hakubisha. Naye ana timu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wachezaji uwanjani wana mapumziko ya maji. Nyuma ya friji hayapo. Tena kutoka pale nilikuwa naona kipande cha televisheni chenye upana wa kiganja, ambacho kilinionyesha viatu vya watu. Mechi nzima niliifuata kwenye uso wa msoma mita. Akikodoa macho najua mpira umepaa, akishusha pumzi najua haukudakwa. Nimemjua sana mtu yule kwa njia hiyo, na bado simpendi, kwa sababu nitakazozitaja.

2. Ilipobaki mikimbio miwili, mguu wangu wa kulia ukafa ganzi. Nikaunyoosha kidogo, si zaidi ya urefu wa bisibisi. Ukagonga kopo la skrubu, likalia. Papo hapo mpira ukampiga mrushaji wetu mrefu mguuni, mbele ya wiketi, na mwamuzi akainua kidole kwamba ametoka. Tukawa tumefungwa. Na mguu wake nao ulikuwa wa kulia, Ndugu Katibu! Angedakwa tu, ningekuwa na la kusema. Lakini mguu huku, mguu kule, nani angenisikiliza? Baba mkwe hakungoja hata marudio. Aligeuka akaitazama friji.

3. Nilijitetea kitaalamu. Nilieleza kwamba picha za televisheni huchelewa kidogo njiani, kwa hiyo mtu wetu alikuwa ameshatoka kabla mimi sijanyoosha. Baba mkwe akatafakari, akajibu kwamba nia ya kunyoosha nilikuwa nayo tangu mapema. Hapo nikainama kuokota skrubu zangu, kwa maana ni kweli nilikuwa nayo.

4. Tangu siku hiyo nikimwamkia, anaitikia marahaba huku anamtazama mtu mwingine. Sufuria iliyoungua imeandikwa kwangu, na maziwa yaliyochacha ndani ya friji iliyochomolewa vilevile. Mke wangu hanigombezi, ila kila nikikunja mguu kitandani huuliza, "Kumbe unakunjika?"

5. Msoma mita, kwa kuwa hakutikisika, sasa ana kiti chake pale. Mita ya nyumba ile siku hizi inasomwa kila siku. Juzi nikasikia baba mkwe anamwita "mwanangu". Mimi tangu nimwoe binti yake ananiita "fundi". Nimemtengenezea pasi, feni, kengele ya mlango na friji yenyewe, na bado ni fundi. Ganzi ilikwisha jioni ileile, Ndugu Katibu. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo.

6. Nimepigwa marufuku kukanyaga pale muda wote wa mechi ya pili. Mke wangu ameshakwenda, na kibanio chake.

Jambo hili nimelifikiria sana nikiwa kazini, kichwa kikiwa ndani ya friji za watu, mahali penye utulivu. Ama mguu wangu hauhusiki na kriketi, ama unahusika. Kama hauhusiki, naomba Chama kiniandikie barua fupi kuthibitisha kwamba kukaa, kusimama, kuinama au kuchuchumaa kwa mtu sebuleni kwake hakujawahi kumtoa mchezaji yeyote. Mhuri uwe mkubwa, maana baba mkwe haamini karatasi isiyo na mhuri.

Na kama unahusika, basi ile mikimbio thelathini na minane iliyotangulia ilitoka kwenye mguu huohuo ulipokuwa umetulia. Haiwezekani hasara iwe yangu na faida iwe ya msoma mita. Kwa hali hiyo itabidi niingizwe kwenye orodha ya timu, hata kama ni mchezaji wa kumi na mbili, yule wa akiba, nipewe kofia ya timu, na mwamuzi mmoja atumwe kusimama karibu na friji. Aidha, mchezo usimamishwe kila mtu anapopata ganzi nyumbani kwake, kama unavyosimamishwa kwa mvua. Mvua nayo si mchezaji, lakini mnaiheshimu.

Mimi binafsi nitaridhika na barua. Kofia si lazima.

Nisalimie wachezaji wote, hasa mrushaji mrefu. Mwambie simlaumu, na najua yeye hawezi kunilaumu. Msalimie mwamuzi yule, mwenye kukata nyasi za uwanja, na mlinzi wa geti lenu. Yeyote kati yao mwenye friji inayotetemeka asisite kuniita, mradi isiwe siku ya tano.

Wako katika kungoja mhuri,
Fundi Friji.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha simu ilipolia. Leo ni siku ya tano ya mechi ya pili, wewe unajua kuliko mimi. Alikuwa baba mkwe. Alisema tunafukuzia mikimbio tena, wiketi tisa zimeanguka, zote msoma mita akiwa amesimama mlangoni mguu mmoja ndani na mmoja nje. Alisema amekaa, amefikiri upya, na ameona kwamba siku ile aliyekuwa ameishikilia timu hakuwa msoma mita. Halafu akasema, nami nayaandika kama yalivyotoka: "Mwanangu, uko wapi? Hebu rudi nyuma ya friji!"

Nimeacha friji ya mteja ikiwa wazi. Nimeshafika, nimechuchumaa, na kwa kuwa bahasha ilikuwa mfukoni na kalamu sikioni, naandika hukuhuku. Mama mkwe amenitandikia mto. Kopo la skrubu limetolewa nje kabisa. Tangu niingie huku hakuna aliyetoka, na mrushaji wetu mrefu anapiga kama aliyezaliwa na gongo.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, tafadhali sana, ule mhuri usiuguse. Ukinithibitishia kwamba mguu wangu hauhusiki, narudi kuwa fundi. Imebaki mikimbio miwili. Mguu wa kulia umeshakufa ganzi, mke wangu, ambaye alikuwa akiuweka sawa juu ya mto mikimbio ilipoanza kuja, amebaki hapahapa ameushika mguu huo kwa mikono yote miwili, na safari hii hata nia sina.