Maagizo kwa Rangi Nyekundu

Jumatatu, 5 Juni 2006
Upepo na baridi. Baada ya misa ya asubuhi Padri Gabriel ametangaza kwamba kompyuta za parokia zimefika, na Jumapili atamtaja atakayewafundisha kina mama. Tuko wawili tu. Mimi, niliyekuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika mpaka chama chenyewe kikafa, na Fabiani katekista, aliyekaa wiki moja Mbeya akarudi na cheti cha kompyuta. Ee Bwana, anayefaa unamjua.

Jumanne, 6 Juni
Nimeufungua mwongozo wa programu ya kuandikia iliyokuja na kompyuta. Programu yenyewe ni huria: watu wameitengeneza kwa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kurekebisha mwongozo wake wa Kiswahili. Warekebishaji hutajwa mwishoni. Jina langu likiwa ndani ya kitabu, Fabiani atasema nini? Na makosa yapo. Maneno ni mazuri, mpangilio ndio vurugu. Namba zinafika tano, zinaanza tena moja. Vichwa vya habari vingine vinene, vingine vimekonda kama mbuzi wa kiangazi. Nimeanzia ukurasa wa pili. Wa kwanza ni utangulizi, na utangulizi huwa ni salamu tu.

Jumatano, 7 Juni
Namba zote nimezinyoosha. Kisha wazo likanijia katikati ya rozari, tendo la tatu, Mama Maria anisamehe. Kwenye misale, kitabu cha Padri cha misa, maneno ya kutamka ni meusi, ya kutenda ni mekundu. Padri hapotei hata siku moja. Basi kila penye “bonyeza”, “fungua” au “hifadhi” nimepaka nyekundu. Nimemtumia Dada Faith wa Arusha, msimamizi wa mwongozo. Mke wangu Albina akasema si nisubiri kwanza jibu ndipo nichape? Nikamwambia Ijumaa ni darasa la majaribio, Padri atakuwepo. Nimechapa. Wino mwekundu wa parokia umekwisha.

Ijumaa, 9 Juni
Kina mama walikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Nikasema anzeni. Mama Bertilla akaniuliza kwa adabu, hivi mwalimu, hata kuwasha ni hatari? Akanisomea ukurasa wa kwanza: maandishi mekundu ni onyo, usifanye, utapoteza kazi yako. Nikawaeleza habari ya misale. Mama Agnesi akasema yeye si padri, ana wajukuu wa kulea, habonyezi. Nikawasihi. Hakuna aliyegusa. Fabiani, nyuma kabisa, alikohoa kikohozi cha furaha. Padri aliangalia viatu vyake.

Jumapili, 11 Juni
Fabiani. Waumini wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana Albina alikuwa ananitazama. Mimi nimepewa kazi ya kuwasha jenereta.

Jumatatu, 12 Juni
Dada Faith amejibu. Anasema namba nilizonyoosha ni kazi safi. Nirudishe tu maandishi kuwa meusi, nitume tena, na jina langu litaingia. Nyekundu, anasema, ni ya hatari.

Nimetafakari kwa sala. Kosa si la nyekundu yangu. Kosa ni la hatari, kukaa kwenye rangi ya watu. Nimemjibu kwa upole kwamba hatari ihamie kijani. Wala sikumsubiri: nimeshabadilisha maonyo yote kuwa ya kijani, nimenunua wino mwekundu mwingine kwa hela yangu, na kumchapia Fabiani nakala za darasa la kesho. Atanishukuru.