Stajeni wa Bi Mwaisha

Msimu wa korosho ukiisha, watu wa Naliendele huvaa viatu vipya na Thabiti wa Mikindani huvaa tai. Safari hii tai ilikuja na ndoo tatu za vifaranga vya kambare, alivyovipata kwa kuweka rehani pikipiki yake. Asipouza leo, kesho pikipiki inakwenda.

Alimkuta Bi Mwaisha, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, kando ya bwawa lake jipya.

"Shikamoo, Mama. Umewahi kumsikia stajeni?"

"Marahaba. Ni mtoto wa nani?"

"Ni samaki, Mama! Ukoo wake ulikuwapo enzi za mijusi mikubwa kama nyumba. Ana mabamba ya mifupa mgongoni. Meno hana, hupapasa matope kwa ndevu, akanyonya konokono na minyoo. Hutoka baharini akapanda mto kutaga, na mto ukiharibika yeye ndiye wa kwanza kuukimbia. Mayai yake meusi matajiri wa Ulaya huyala kwa kijiko kidogo, wamefumba macho."

Tumtendee haki: alikuwa ameyasoma hayo kwenye simu, na yote yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa ndani ya ndoo tu.

Bi Mwaisha akachungulia. Ndevu zilikuwapo. "Mabamba siyaoni."

"Huota wakikua."

"Na hutaga lini?"

Swali hilo Thabiti alilipenda kuliko yote, maana jibu lake lilimpa nafasi ya kufika mbali kabla hajagunduliwa. "Jike hakomai upesi. Miaka kumi na mitano, hata ishirini. Ndiyo maana wanakwisha duniani, wanavuliwa kwa pupa kabla hawajazaa."

"Maskini," akasema Bi Mwaisha, na alisikitika kweli. "Basi wamimine. Wenzangu wakiona wametulia, kikundi kizima kitataka."

Kikundi kizima! Thabiti akamimina ndoo zote tatu, kisha akanyoosha kiganja.

"Cha nini, mwanangu? Sisi wa korosho mzigo huingia ghalani kwanza, hela huja baada ya mnada. Ghala ndilo hili bwawa. Mayai yakipigwa mnada, nitakuita."

"Mama, miaka ishirini!"

"Mikorosho nayo tuliingojea."

Kina mama walikuwa wamekwisha kusogea. Ili adai hela kabla ya miaka hiyo, ilimbidi atamke mbele yao wote kwamba ni kambare. Akaokota ndoo zake tupu, akaondoka.

Pikipiki ikaenda. Miezi kadhaa baadaye alipita pale kwa miguu, bila tai, ana njaa na aibu, akanusa samaki wa kuchoma.

"Karibu kambare, mwanangu," akaita Bi Mwaisha.

"Kumbe ulijua!"

"Ndevu zile nimezikaanga tangu sijaolewa. Kaa ule. Wala usihofu, wako wa mnada tumekuachia mmoja bwawani, kanenepa vizuri."

Thabiti akakaa. "Jike?"

"Dume."