Kanuni ya Kutokatika kwa Mtandao

Baraza la mji wa Birch Coulee, Manitoba, liliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu mtandao wa ofisi zake hautakatika tena, kwa kuwa kukatika kumepigwa marufuku. Atakayebainika kuukata, awe nani, atafutwa kazi papo hapo. Mkurugenzi Marcel Prefontaine, mtu wa kujipanga, aliandaa mapema barua ya kufukuza, akaacha pengo la jina tu.

Oksana Hrynchuk, fundi pekee wa kompyuta, alilitazama pengo lile akaona linamtosha barabara. Miaka kumi na tisa kazini, na sasa pengo.

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mtandao ukakatika. Ukarudi saa sita, watu walipokwenda kula. Saa saba ukakatika tena.

"Bosi, niruhusu niangalie plagi," Oksana alisema. "Fundi yeyote huanza na plagi."

"Plagi ni mambo ya utekelezaji, dada. Sisi bado tuko ngazi ya sera."

Ruta yenyewe, kisanduku cha kusambaza mtandao, ilikaa ofisini kwa mkurugenzi, chini ya dirisha, kwa heshima yake. Kuigusa kulihitaji kibali, na kibali kiliombwa kwa mtandao. Utaratibu ulikuwa mzuri, isipokuwa haukuwezekana.

Kamati ya uchunguzi iliketi siku tatu, ikala donati dazeni sita. Ilibaini kwamba mtandao hukatika siku za baridi kali tu, hivyo unaona baridi. Verna, katibu wa baraza, akaagizwa kuifumia ruta sweta.

"Mkiivika sweta itaungua!" Oksana alilalamika.

"Wewe si mfumaji," mkurugenzi akamjibu.

Ijumaa ilifika na nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Saa tano kamati ingejaza jina kwenye barua. Oksana alikwenda maegeshoni kuwasha gari lake, asije akafukuzwa injini ikiwa imeganda. Magari karibu yote yalikuwa yamechomekwa kwenye nguzo fupi za umeme, ambazo hupasha injini dakika ishirini na kupumzika ishirini. Zamu hiyo ilikuwa agizo la mkurugenzi, la kubana matumizi.

Gari moja tu halikuwa kwenye nguzo. Kutoka chini ya boneti yake, waya mrefu wa rangi ya chungwa ulipanda ukutani, ukaingia dirishani kwa mkurugenzi.

Oksana akacheka peke yake, machozi yakamgandia kopeni.

Aliingia kikaoni bila kubisha hodi, plagi ya waya ule mkononi. "Hii nimeikuta kwenye soketi ya ruta. Ruta yenyewe imechomolewa, imelala sakafuni na sweta yake."

"Hebu tuelewane," Prefontaine alisema. "Gari la mkurugenzi haliwezi kupashwa kwa zamu kama la kila mtu!"

"Kwa hiyo ni wewe, bosi?" Verna aliuliza, vidole kwenye kompyuta. "P-r-e... kisha?"

"Verna! Kanuni hii niliiandika mimi!"

"Na ukaweka 'awe nani.' Nilikuuliza mara mbili, ukasema acha."

Verna akajaza pengo, akabonyeza kitufe cha kutuma. Oksana alikuwa amekwisha kuichomeka ruta, na barua ikawafikia wakazi wote mia tisa kwa sekunde moja. Mkurugenzi akaenda kuwasha gari. Injini ilikataa, maana waya ulikuwa bado mkononi mwa fundi.