Siku Tatu za Kiingereza Nyumbani kwa Bwana Mzamil

Alhamisi, 6 Agosti

Mwaliko! Bwana Mzamil wa Mbaraki, aliyerudi kutoka Uingereza baada ya miaka ishirini, anamwoza bintiye Mahira mwezi ujao. Wageni elfu moja. Anatafuta mpishi. Tangu biriani yangu ya Kibokoni ishike chini ya sufuria (kuni zilikuwa mbichi, si kosa langu), hakuna aliyeniita kupika hata akika ya mtoto. Nikiikosa harusi hii, nitaishia kukaanga viazi karai mlangoni, niwauzie wale wale niliowapikia harusi zao.

Lakini mwaliko wenyewe kioja. Ati tukae kwake Ijumaa hadi Jumapili, tustarehe kama watu wa mashamba ya Uingereza wakati wa kiangazi, naye atutazame tabia. Atutazame, kwa sababu kamwalika pia Ayman, mpishi wa Makupa. Ayman! Mtu anayekaanga vitunguu huku akicheka na kila apitaye!

Mke wangu Hafswa kasema nenda ukapike tu. Kupika! Hajui siasa huyu. Nimempigia Bwana Mzamil papo hapo nikamweleza kwamba mashamba ya Uingereza nayajua, nimeishi huko miaka miwili. Mbali zaidi nilikofika ni Voi. Kafurahi mno.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimefika baada ya swala. Nyumba kubwa, mbele yake nyasi. Nyasi tupu! Hakuna mnazi, hakuna mchicha, hakuna hata mbuzi wa kuzila. Kenga, mtunza bustani, huzimwagilia maji jioni ili apate za kukata asubuhi. Nilimuuliza zafaa nini. Kasema huu ni mwaka wake wa tatu hapa, na bado anachunguza.

Tukakalishwa kwenye viti vya kitambaa, tuzitazame. Saa nzima. Hiyo ndiyo starehe. Chai ikaletwa, haina tangawizi, haina hata sukari. Na mkate mwembamba, ndani yake tango. Tango peke yake! Kwetu hata mgonjwa hapewi. Nikafumba macho, nikasema, ah, nakumbuka! Bwana Mzamil akanishika bega. Ayman, mshamba, akauliza kama pana pilipili.

Nimekula vipande kumi na viwili na tumbo bado linadai. Chumba tumepewa kimoja, mimi na Ayman. Anakoroma kwa furaha.

Jumamosi, 8 Agosti

Matembezi. Niliuliza twaenda wapi. Hatuendi popote, kasema Bwana Mzamil, huo ndio uzuri wake. Mtu mzima, ana magari mawili! Nikasema huko shambani nilitembea hivyo kila siku.

Lakini magoti yana ukomo. Tulipofika njia ya Mama Ngina nikajifanya nafunga kamba za viatu, wakanitangulia, nikapanda tuktuk. Nikarudi kuwangoja langoni, nimejipaka maji ya chupa usoni kama jasho. Hila safi! Bwana Mzamil alipofika alistaajabu. Ati tangu arudi hajapata mwenzi wa kutembea kama mimi. Akamwambia Ayman apumzike, kisha akanizungusha mara ya pili. Mimi na yeye. Mpaka feri na kurudi.

Mchana, mchezo: unagonga mpira kwa nyundo ya mti upite kwenye vichuma. Ayman hajapata kuuona maishani mwake. Kashinda. Mimi, mwenye miaka miwili ya huko, nimeupeleka mpira kwa jirani.

Jioni Bwana Mzamil katangaza kwamba kesho saa kumi waja jamaa za bwana harusi pamoja na nyanya yao, nami, kwa kuwa ni mjuzi, nitawapikia skoni. Nikasema kwa moyo mmoja! Kisha nikajificha chooni na simu nikatafuta skoni ni nini. Vimikate. Elimu yote hiyo, na wanakula vimikate.

Mahira mwenyewe alinijia jikoni. Msichana mwembamba, macho ya njaa.

"Ami Aidarus," kasema, "wallahi mwaka wa tatu huu nala matango. Nipikie wali wa nazi, hata sahani moja."

Nikamwambia wikendi hii mimi mpishi wa Kiingereza, mambo ya nazi ampelekee Ayman. Akaenda. Vyema! Wapoteze wakati wao huko.

Jumapili, 9 Agosti

Maelezo ya simu yasema unga usikandwe sana. Upuuzi. Huo ni uvivu wa Wazungu. Nimeukanda nusu saa kama wa chapati, nikatia hiliki. Skoni zikatoka nyekundu, za kupendeza macho.

Saa kumi. Jamaa wote kwenye viti. Bwana Mzamil akauma ya kwanza mbele yao. Pakasikika mlio. Jino lake la mbele, la bandia, likabaki ndani ya skoni.

Akalichomoa, akalitia mfukoni. Kisha kwa upole, maneno yakimtoka na upepo, akaniuliza ni shamba gani hasa nililoishi.

Nikajibu upesi: Manchester.

Akasema Manchester ni jiji la viwanda, halina shamba.

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Nikachungulia pembeni: nyuma ya nyumba, kwa Kenga, Ayman alikuwa na jiko la makaa, wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Mahira kakaa mkekani, anakula kwa mkono, machozi ya pilipili yanamtoka, anacheka. Wa kwanza kuinuka alikuwa yule nyanya. Wakamfuata wote. Bwana Mzamil naye akaenda na pengo lake, akala sahani mbili, na kwa masikio yangu nikamsikia akimwambia Ayman harusi ni yake.

Nikabaki na nyasi.

Kisha Ayman akaniita kwa sauti kubwa, "Ndugu yangu Aidarus, njoo ule!" Mtu mbaya! Kunihurumia mbele za watu! Nikaenda. Chumvi ilizidi kidogo. Nikaomba niongezwe.

Jumatatu, 10 Agosti

Nyumbani. Hafswa kacheka mpaka kashika ukuta. Alipomaliza kaniambia taratibu, "Bwana, biriani yako ni nzuri. Waambie watu kwamba wewe wajua kupika biriani, basi." Maskini, kaona ni rahisi hivyo.

Nimeyapima yote. Kosa halikuwa uongo, lilikuwa ni nchi. Uingereza kila mtu anaijua! Kuna familia Kizingo, kijana wao kasomea Uturuki na anaoa Oktoba. Nimeshawapigia simu. Nimeishi Istanbul miaka mitatu. Wananingoja Ijumaa, kwa hamu.

Waturuki wanakula nini, sijui. Haidhuru. Wakiniuliza, nitasema miaka yote mitatu nilikuwa nimefunga.