Makadirio ya Sukari ya Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka kwenda kwa binti yetu aliyejifungua. Wiki mbili! Ameniachia funguo, nyumba na Meneja, paka wake wa miaka kumi na minne. Meneja ana kisukari. Ana figo mbovu pia. Chakula kinachofaa sukari hakifai figo, kinachofaa figo hakifai sukari, na yeye mwenyewe havitaki vyote viwili. Kazi yangu: sindano ya insulini saa moja asubuhi na saa moja jioni, kumtoboa ncha ya sikio, kupima tone la damu, kuandika namba kwenye daftari. Alinieleza mara tatu. Mambo ya namba niambiwe mimi? Nimesoma mita za maji miaka thelathini na moja mpaka nikastaafu. Leo: 14.

Jumanne, 4 Machi

18. Imepanda. Shemeji ameshuka bila kuitwa. Ni mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, anakaa ghorofa ya juu yetu. Aliuliza kama nimenawa mikono. Akasema Meneja angekuwa salama zaidi kwake, na kwamba dada yake amemwachia namba ya daktari kwa ajili ya dharura. Dharura yenyewe ni mimi! Nikamwambia paka huyu ana mwenyewe. Akajibu kwamba mwenyewe kasafiri.

Jumatano, 5 Machi

21. Mpango: mazoezi. Mwenye kisukari hufanya mazoezi, nani asiyejua? Nimefunga kifungo kwenye uzi nikakiburuta kwenye ngazi za jengo zima, juu na chini, mara sita. Meneja alikaa kwenye zulia la mlangoni akanitazama tu, kama bosi wangu wa zamani alivyokuwa akinitazama. Jina lake lilitoka huko. Kiuno kimekamata. Shemeji alifungua mlango akanikuta nimepiga magoti, uzi mkononi, nabembeleza kwa sauti nyembamba. Akafunga mlango. Hilo limeniuma kuliko kiuno.

Alhamisi, 6 Machi

Amekataa kutobolewa. Kucha nne, moja karibu na jicho! Sasa nitoe siri ya kazi. Ukikuta mbwa mkali getini, huendi kufa kwa ajili ya maji ya watu. Unaangalia mwezi uliopita, unaangalia nguo zilizoanikwa, unakadiria. Nilikuwa bingwa. Wengi hawakulalamika. Basi nimemwangalia Meneja vizuri, nikakadiria: 15. Sindano nimemchoma kama kawaida. Sindano haikadiriwi, mimi si mwendawazimu.

Ijumaa, 7 Machi

Makadirio: 12. Nimeupiga picha ukurasa nikamtumia mke wangu. Alipiga simu papo hapo! Akasema hakutegemea, akasema nimemshangaza, akasema Mungu anizidishie. Ndoa ya miaka thelathini na tatu, na sijawahi kuyasikia hayo kwa mkupuo mmoja. Nimezunguka sebuleni kifua mbele.

Jumapili, 9 Machi

Jana 11, leo 10. Mke wangu amezisoma namba zangu kwa sauti mbele ya wakwe. Jambo moja tu linanisumbua. Meneja anamaliza bakuli la maji, kisha anapanda kwenye sinki kungoja bomba. Mchanga wake wa choo umelowa chapachapa. Kazini, matumizi yakipanda hivyo na hakuna bomba lililopasuka, tulijua kuna hitilafu mahali. Tena anatafuna upande mmoja na mate yanamtoka. Jioni alipanda mapajani pangu, nikazigusa mbavu zake moja moja. Nimeogopa. Nimeandika 10 hivyo hivyo, kwa sababu baada ya 11 huja 10.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kliniki. Shemeji aling'ang'ania kuja. Yeye alibeba kikapu, mimi daftari. Daktari wa wanyama ni dada mpole mwenye miwani. Alisoma, akatabasamu, akausifu mwandiko wangu. Akasema sukari ikishuka kwa kasi hii dozi ileile inaweza kumwangusha, kwa hiyo tuipunguze iwe nusu. Nikasema ahsante! Nikatoka!

Nilifika getini. Meneja alikuwa ananitazama kupitia matundu ya kikapu, kidevu kimelowa mate. Nikajua kwamba nusu hiyo itamuua, na muuaji atakuwa mtu mwenye mwandiko mzuri. Nikarudi. Nikamwambia daktari kwamba tangu Alhamisi daftari ni makadirio. Akauliza makadirio ya nini. Nikaeleza habari za geti na mbwa. Shemeji akatazama dari.

Daktari alipima mwenyewe: 26. Akamfungua mdomo. Fizi zimevimba, meno ya nyuma yameoza, kuna usaha. Akasema uchafu kama huo mdomoni unaweza kuipandisha sukari hata insulini ikashindwa, na kwamba daftari la kweli lingemwambia hayo mapema. Meno yang'olewe kesho, kwa dripu kabla na baada. Ila kwa figo zile, hawezi kuniahidi kwamba ataamka.

Nimelia mbele ya shemeji. Nampenda yule paka. Haya, nimeandika.

Jumanne, 11 Machi

Ameamka! Meno matano pungufu, lakini ameamka, akamfokea muuguzi. Mimi na shemeji tulikaa benchi moja asubuhi nzima bila kugombana. Alinipa leso yake. Akakiri kwamba hata yeye asingeweza kumtoboa sikio, damu inamtia kizunguzungu. Fundi cherehani, anaogopa sindano! Sikucheka. Akasema hatamwambia dada yake chochote, nimwambie mwenyewe. Nitamwambia.

Ijumaa, 14 Machi

Yuko nyumbani tangu jana. Shemeji anamshika kwa taulo akiwa amefumba macho, mimi natoboa. Jana 17, leo 14. Namba mbaya, lakini zimetoka sikioni kwake. Daktari amesema niandike ninachokiona, hata kikitisha. Nimeapa. Mke wangu alipiga simu, anarudi Jumapili. Nikavuta pumzi nimwambie. Akasema huko kila mtu anataka kumjua mume wake. Nikamuuliza mjukuu ana kilo ngapi.

Jumamosi, 15 Machi

13! Imeandikwa kwenye daftari la daktari, kweli tupu. Nimeanzisha la pili, la mke wangu. Huwezi kumrusha mtu mwenye presha kutoka 10 mpaka 26. Kwa hiyo nimelainisha: 10, 10, 9, 9. Nimebadilisha kalamu mara tatu. Meno yalidondoka yenyewe, uzee. Yote matano, siku moja. Nilimwomba shemeji aweke sahihi kama shahidi. Alisema neno ambalo siliandiki, akapanda zake ngazi. Meneja amemaliza chakula, sasa amelala tumboni kwangu. Mzito kidogo kuliko juzi. Sijisogezi.

Jumapili, 16 Machi

(Naandika leo Jumamosi, kesho nitakuwa na shughuli.) Mke wangu amefika salama. Amesoma daftari lote, amefurahi sana. Sukari: 9. Shemeji alikunywa chai kimya. Hakuna aliyeuliza habari za meno.